Matibabu ya Wazee Wetu ni Deni la Jumuiya Nzima

Hotuba iliyotolewa Malangali, Sumbawanga, katika maadhimisho ya hekalu

 

Nimeombwa nizungumze juu ya seva, yaani utumishi usiodai malipo. Mada hiyo ni pana, nami elimu yangu iliishia sekondari; miaka mingi ya maisha yangu nimeipitisha nyuma ya kaunta ya duka. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo mfanyabiashara anaweza kulipigia hesabu: gharama ya matibabu ya wazee, inayopanda wakati uwezo wa wazee wenyewe wa kuilipa unashuka.

Walio wa rika langu wanakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalitolewa bila malipo. Kuanzia mwaka 1993 ukaingia utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Kisha Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na ikaelekeza kwamba asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2.5 nchini. Nia njema, basi, ipo katika maandishi. Kwa nini mzigo bado ni mzito?

Sababu ya kwanza ni aina ya magonjwa. Malaria humpata mtu, akameza dawa, akapona. Shinikizo la damu na kisukari havina tabia hiyo. Ni kama kodi ya pango, kila mwezi mwenye nyumba anabisha hodi. Figo zikishindwa kazi, mgonjwa kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Tukikadiria tu kwamba kila mara inagharimu shilingi laki moja, kwa mwaka ni milioni 15 na laki sita. Ni duka gani dogo la hapa mjini litakalobeba hesabu hiyo na kubaki wazi?

Sababu ya pili ni umbali. Hapa tunayo hospitali ya rufaa ya mkoa, na tunayo Hospitali ya Dkt. Atiman. Lakini ugonjwa ukizidi, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Matibabu ya moyo na ya saratani humpeleka hadi Dar es Salaam. Mzee hasafiri peke yake. Nauli ni ya watu wawili, na msindikizaji naye anahitaji chakula na mahali pa kulala.

Sababu ya tatu ni dawa. Daktari anaweza kumwona mzee bure, lakini dawa ikikosekana dirishani, cheti huishia duka la dawa la mtaani, na huko msamaha wa umri haupo.

Mteja wangu mmoja wa siku nyingi ni mkulima wa mahindi. Mkewe alipewa rufaa nje ya mkoa. Kumwona daktari hakukumgharimu kitu. Nauli, malazi na dawa ndivyo vilivyomlazimu kuuza maksai wake wawili. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, na shamba likawa nusu ya lile la awali. Ndugu zangu, huo ndio utaratibu ambao hatuuoni katika risiti: ugonjwa wa mtu mmoja hupunguza chakula cha nyumba nzima, tena kwa miaka.

Katika mapokeo yetu tunawasimulia watoto habari za Shravan Kumar, aliyewabeba wazazi wake vipofu kwa mzega, mmoja mbele na mmoja nyuma, akawapeleka kuhiji. Tunaisimulia ili wajifunze utii. Mimi leo naisimulia kwa sababu ya ule mzega. Mzigo wa matibabu ya siku hizi umeshinda bega la mtoto mmoja, hata awe mwema kiasi gani. Unahitaji mabega mengi, na mabega mengi yaliyounganishwa ndiyo bima.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi aliye mwanachama ameweza kuwaandikisha wazazi wake miongoni mwa wategemezi. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, uliboreshwa baadaye, na mchango wa kaya ya watu sita ukawekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Zanzibar, tangu Aprili 2016, imekuwa ikiwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hizi ni hatua za kushukuru. Lakini bima ina siri moja ambayo wafanyabiashara tunaifahamu: wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Kijana mwenye afya anayechangia leo ndiye anayemtibu mzee wa leo, na kesho atatibiwa yeye.

Sasa nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wafanyabiashara wenzangu. Walinzi, wapishi, wapakiaji na wauzaji wetu nao wanazeeka. Pensheni ya NSSF huhitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mlinzi aliyeajiriwa akiwa na miaka 45, akichangiwa tangu mwezi wa kwanza, atafika miaka 60 akiwa na haki yake. Tukimchelewesha miaka mitano, atafika umri huo bila haki ya pensheni, kisha atakuja dukani kuomba nauli ya hospitali, nasi tutadhani tunampa sadaka.

La pili ni kwa watoto walioko Dar es Salaam, Leicester na kwingineko. Msisubiri simu ya usiku ndipo mtume fedha. Vidonge vya shinikizo vya kila mwezi ni rahisi kuliko kumuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi. Tumeni kidogo, lakini kwa tarehe maalumu.

La tatu ni kwa wadhamini. Najua wapo wanaotaka michango ya mwaka huu ipanue ukumbi. Naomba, kwa heshima, sehemu yake itengwe kuwa mfuko wa nauli na dawa kwa wazee wa Malangali, Mhindu, Mkristo na Mwislamu sawasawa, kwa majina yatakayothibitishwa na viongozi wa mtaa. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa duka la dawa na kwa basi, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi, kila mtu asome.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, nasi tuendelee kuidai. Lakini dozi ya kesho asubuhi haisubiri kikao cha bajeti.

Yule Adrian Atiman ambaye hospitali inabeba jina lake alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akasomea uganga Malta, kisha akawatibu watu wa Karema, ufukweni mwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuzaliwa huku, na watu wa huku hawajamsahau. Babu zetu pia walikuja kutoka mbali, wakapokelewa na wazee wa Ufipa. Ukumbi unaweza kungoja mwaka mmoja. Wazee hao hawawezi.