Kabla ya Kukata Waya, Pima

Msikilizaji, hapa Dar es Salaam jua likizama giza halikawii. Tuko karibu na Ikweta, na kati ya machweo na giza haipiti hata nusu saa. Anayepanda bodaboda saa moja usiku kurudi Mbagala au Chanika ameweka roho yake mikononi mwa dereva, na dereva naye anategemea taa moja tu ya mbele. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, inapita karibu mita 14 kila sekunde. Taa ikizimika kwenye kona, sekunde mbili zinatosha kuwafikisha mtaroni.

Nasema haya kwa sababu kila jioni naona pikipiki zinazopapasa njia kwa mwanga hafifu, huku zimejaa taa za rangi kuanzia madigadi hadi chini ya tangi. Taa ya kuonea njia ni mbovu, za mapambo zinawaka. Na dereva ukimuuliza, atakwambia balbu za siku hizi ni feki, ameshabadilisha kadhaa.

Balbu feki zipo, sikatai. Lakini balbu inayoungua kila baada ya siku chache na balbu inayofifia ni magonjwa mawili tofauti, na wengi wanayatibu kwa dawa moja.

Tuanze na ile inayoungua. Magneto ya pikipiki inazalisha umeme kwa kufuata mwendo wa injini. Ukivuta mafuta, umeme unapanda. Kinachouzuia usipande kupita kiasi ni reguleta. Reguleta ikifa, au waya wake wa ethi ukilegea, volti zinapanda na balbu inakatika. Kipimo chake ni chepesi: weka mita kwenye betri, injini ikizunguka kwa mwendo wa kati. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, mambo ni salama. Ukisoma zaidi ya 15, usipoteze pesa kununua balbu nyingine, maana nayo itakwenda. Shughulikia reguleta.

Taa inayofifia ni kinyume chake: umeme unapotea njiani, na mshukiwa wa kwanza ni ethi. Umeme uliotoka chanya lazima urudi hasi, na kwenye pikipiki sehemu ya safari hiyo hupita kwenye fremu. Sasa fremu imepigwa rangi upya, bolti imeshika kutu, matope ya masika yameingia kwenye soketi hadi shaba imekuwa ya kijani. Dalili yake iko wazi kabisa: ukiwasha indiketa, taa kubwa nayo inapepesa kwa mapigo yaleyale. Ukiona hivyo, fungua ethi, ikwangue mpaka chuma king'ae, kaza.

Tena hasara yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Balbu ya uzi ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya volti zake, inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kutu ya bolti moja inatosha kufanya hivyo.

Kama taa inawaka na kuzima yenyewe, nenda kwenye shingo ya usukani. Pale nyaya zote za mbele zinapinda kila dereva anapokata kona, mwaka mzima. Washa taa, zungusha usukani kulia na kushoto polepole. Ikipepesa, waya umekatika ndani ya plastiki yake au umechubuka unagusa fremu. Mita hapo inaweza kukudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12, ila ukiupa mzigo unashindwa. Ndiyo maana mafundi wazuri wana testa ya kujitengenezea, balbu ya indiketa yenye nyaya mbili. Balbu hiyo ikiwaka vizuri, waya ni mzima. Ikififia, umempata mwizi wako.

Kuna jambo linalonikera kuliko yote: fundi anayekata waya kwa kuangalia rangi. Kwenye Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mfumo wake, ethi ni waya wa kijani, na mweusi unabeba umeme wa chanya baada ya kuwasha swichi. Kwenye Yamaha mweusi ndio ethi. Fundi aliyezoea moja akiishika nyingine, anaunganisha chanya na bodi, fyuzi inakatika, na ndipo anapofanya kosa la pili: anaweka kipande cha waya, au karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, pale pa fyuzi. Fyuzi ilikuwa inamwambia kuna hitilafu. Yeye ameinyamazisha, na sasa kitakachoungua ni nyaya zenyewe, tena zikiwa chini ya tangi la petroli.

Tuje kwenye vifaa vya kuongeza. Sina ugomvi na dereva anayetaka taa za ziada. Barabara zetu nyingi hazina taa za mitaani. Nataka tu apige hesabu. Balbu ya pikipiki ndogo ya wati 35 inakula karibu ampea 3. Ongeza honi mbili za gari, kila moja inavuta ampea 4 au 5. Ongeza chaji ya simu, redio na taa za pembeni. Yote haya yanategemea magneto ndogo na swichi za usukani ambazo hazikuundwa kubeba mzigo huo. Swichi inapata moto, inayeyuka, halafu lawama anatupiwa mtengenezaji wa pikipiki.

Dawa ya swichi inauzwa Kariakoo kwenye maduka ya spea: rilei. Chini yake utaona namba 30, 85, 86 na 87, namba za kiwango cha Kijerumani zinazotumika karibu duniani kote. 30 inapokea umeme wa betri uliopitia fyuzi, 87 inaupeleka kwenye honi au taa. 85 na 86 ni za koili ya ndani, inayokula umeme kidogo sana, na hiyo ndiyo unayoiunganisha na swichi ya usukani. Mzigo mkubwa haupiti tena kwenye swichi.

Na tahadhari kuhusu taa za LED. Zipo pikipiki, hasa za miundo ya zamani, ambazo taa kubwa haipati umeme wa betri. Inaupata moja kwa moja kwenye magneto. Utazijua: injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kuvutwa mafuta, taa inafifia, ukivuta mafuta inang'aa. Umeme huo unageukageuka mwelekeo, na LED ya kawaida ikiwekwa hapo inapepesa au inakufa mapema. Hata ikiwaka, kioo cha taa kilichoundwa kwa balbu ya uzi kinaweza kuutawanya mwanga wake kila upande, ukamwingia machoni anayekuja mbele. Mwenzako akipofuka kwa sekunde mbili, ni mita 28 kwa mwendo uleule wa kilomita 50 kwa saa, na anakuja upande wako.

Najua dereva wa pikipiki ya mkataba hawezi kulaza chombo siku nzima. Jioni hesabu inamsubiri. Kwa hiyo anakubali kiraka cha dakika kumi, nyaya zimesokotwa na kufungwa selotepu, na mvua ya kwanza inamrudisha kwa fundi. Wenye pikipiki, mpeni nafasi ya nusu siku. Ni mali yenu inayoungua.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha umeme wa magari. Naomba vyama vya bodaboda vikae nayo, mafunzo mafupi yafikishwe vijiweni, walipo mafundi waliojifunza kazi kwa kuangalia. Na wewe dereva unayenisikiliza ukiwa kijiweni: jioni hii, kabla ya abiria wa kwanza, washa taa na indiketa, zungusha usukani, tazama. Taa ikipepesa, nenda kwa fundi mwenye mita. Akianza na kisu kabla ya kupima, chukua pikipiki yako uende kwa mwingine.