Taa ya Injini Ikiwaka, Mita Itangulie Pochi
Nakala ya mazungumzo kwa wenye magari na mafundi wa Chaka



Mji huu unaishi kwa barabara. Mkulima wa Kieni huleta kabeji na viazi sokoni kwa pikapu. Mwingine hupeleka abiria Nyeri au Nanyuki. Magari mengi yalitumika Japani kabla ya kufika Kenya. Taa ya injini inapowaka, mwenye gari huogopa gharama, na mara nyingi huuziwa kifaa asichohitaji.

Mfano mzuri ni hita ya sensa ya oksijeni. Sensa hii hufungwa kwenye ekzosi. Hupima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha kompyuta ya gari huongeza au kupunguza petroli. Lakini haifanyi kazi vizuri hadi ipate joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana ina hita ndogo ndani yake. Asubuhi za baridi, kwa safari fupi za kwenda sokoni, hita iliyokufa huifanya kompyuta ikisie kwa muda mrefu. Petroli huliwa zaidi, na hatimaye kichujio cha moshi kinaweza kuharibika. Hicho ni ghali kuliko sensa.

Mashine ya fundi ikionyesha P0135, tatizo liko kwenye hita ya sensa iliyo kabla ya kichujio. P0141 ni ya sensa iliyo baada yake. Hata hivyo, namba hizo hazisemi kwamba sensa imekufa. Zinasema njia ya umeme ya hita ina kasoro mahali fulani.

Fundi makini huanza na fyuzi. Ikiwa imeungua, hutafuta waya uliogusa ekzosi kabla ya kuweka nyingine. Pili, huchomoa plagi ya sensa na kuangalia kutu, tope na waya uliokatika. Tatu, huwasha swichi na kupima upande wa gari: waya mmoja wa hita unapaswa kuwa na volti 12 hivi. Zikikosekana, sensa mpya haitasaidia. Nne, huzima gari, huacha ekzosi ipoe, na kupima omu kati ya nyaya mbili za hita upande wa sensa. Kwa kawaida nyaya hizo huwa na rangi moja. Kipimo hulinganishwa na kitabu cha gari hilo. Mita isipoonyesha njia kabisa, hita imekatika, na sensa nzima hubadilishwa. Hita ikiwa nzima na umeme upo, hukaguliwa waya unaorudi kwenye kompyuta.

Sensa nyingi hufunguliwa kwa spana ya milimita 22. Ncha yake isiguswe na grisi. Nyaya zisiunganishwe kwa risasi, kwa kuwa sensa nyingi huvuta hewa safi kupitia humo. Inunuliwe yenye plagi yake. Kisha namba hufutwa, gari huendeshwa, na mashine huunganishwa tena.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa pia matengenezo ya magari. Mwenye gari aombe makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, na aombe kurudishiwa kifaa kilichotolewa. Fundi mwaminifu naye hunufaika, kwani mteja aliyeona vipimo kwa macho yake hurudi.