Safari ya baba hadi Mosi-oa-Tunya

Leo naanza kwa kuomba radhi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mbele ya kipaza sauti hiki hiki, nilizungumza juu ya maporomoko ya Victoria, yale ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Nilisema ukuta mzima wa maji huanguka kwa kishindo mwaka mzima, na kwamba wingu la mvuke wake huonekana mtu akiwa bado mbali sana. Nilisema kama mtu aliyefika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma vitabu viwili na kijarida kimoja cha watalii, basi. Miongoni mwa waliosikiliza siku ile alikuwa baba yangu mzazi, kule Uyole, Mbeya. Aliamini kila neno, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyesema.

Na baba alikuwa na sababu ya kusikiliza kwa makini. Mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 22, alikuwa dereva wa lori lililobeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia. Utakumbuka, msikilizaji, kwamba Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, na mahitaji yake karibu yote yalipitia huko kusini: petroli, makaa ya mawe, mashine. Hata shaba yake ilitokea huko huko kwenda baharini. Mafuta ya kusini yalipokatwa, ikabidi yapitie Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa halijajengwa. Lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilikuwa bado maneno ya mezani. Kilichokuwepo ni barabara ya vumbi, na mvua zikinyesha haikuwa barabara tena, ilikuwa uji. Waandishi wa Kiingereza waliibandika jina la Njia ya Jehanamu. Vijana wa Kitanzania na wa Kizambia waliipita hivyo hivyo, wakienda na mafuta na kurudi na shaba.

Baba alifika Lusaka mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Kutoka Lusaka hadi kwenye maporomoko ni karibu kilomita 480 nyingine kuelekea kusini, na hakuna tajiri aliyekuwa tayari kumlipa dereva aende kutazama maji. Kwa hiyo alikaa miaka hamsini na kitu akisema, "Mosi-oa-Tunya niliikaribia." Sisi watoto tulilizoea neno hilo mpaka likawa mzaha wa nyumbani. Mtu akikosa kitu padogo tu, tunasema ameikaribia Mosi-oa-Tunya.

Basi likizo yangu ikatoka Oktoba 2024. Nilimpigia simu mwandishi mwenzangu mmoja wa Lusaka kumwarifu kwamba tunakuja na gari, mimi, mke wangu, watoto wawili na mzee. Akaniuliza, "Kwa nini Oktoba? Njoo Aprili." Nikamjibu kwa ujuaji kwamba mto mkubwa kama Zambezi haukauki. Usiku nikamweleza mke wangu. Alifikiri kidogo akasema, "Aprili anaijua Mungu. Baba yupo leo." Mzee alikuwa ametimiza miaka 80. Binti yetu alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi uliotangulia, na mdogo wake wa miaka mitano hana masomo ya kumkosesha usingizi mtu. Tukaondoka.

Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Livingstone ni karibu kilomita 2,400. Sitakuchosha nazo zote. Tulilala Uyole kwa mzee, alfajiri akatoka na koti, kofia na mto wa kukalia, akakaa kiti cha mbele bila kuuliza ni cha nani. Mke wangu akahamia nyuma na watoto. Tunduma tukakuta malori yamejipanga kama siku zote, mzee akayatazama kama mwalimu mstaafu anavyotazama shule. Upande wa Nakonde, Kiswahili bado kinakuhudumia vizuri. Baada ya hapo mzee akaanza kufukua Kibemba chake. Tuliposimama kununua maembe akamsalimu mama muuzaji, "Mwapoleni mukwai," naye akaitikia kwa furaha na kuongea kwa kasi, na hapo ndipo Kibemba cha mzee kilipofikia mwisho.

Kabla ya Mpika alianza kuniambia nipunguze mwendo. Akawa anatazama kushoto, mara kulia. Akaniambia nisimame, nikasimama, akashuka, akapanda. Akaniambia nisimame tena mbele kidogo. Mara ya tatu nikamuuliza anatafuta nini. Akasema ni mahali alipomwacha utingo wake, kijana wa Tukuyu, mvua za mwaka 1967. Lori lilikuwa limezama kwenye tope, kijana akaingia chini kuweka magogo na mawe, lori likateleza. Walimzika kando ya barabara kwa msaada wa wanakijiji, kwa sababu nyumbani kulikuwa mbali na njia ilikuwa imefungwa. Mzee hakuwahi kunisimulia habari hiyo, na mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali.

Hakupapata. Barabara ya lami haikufuata kila mahali njia ile ya zamani, na miti imekua, na vijiji vinahama. Alisimama karibu na kichuguu kimoja, akavua kofia, akasema, "Tuseme ni hapa." Binti yangu akachuma majani fulani yenye maua akayaweka pale. Tukaendelea na safari, na kwa saa nzima hata yule mdogo hakudai soda.

Huko mbele, ukikaribia Serenje, kuna njia inayochepuka kwenda Chitambo, mahali alipofia David Livingstone mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa pale. Mwili ulikaushwa ukabebwa na Waafrika waliokuwa naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakatembea nao kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukapelekwa kuzikwa London mwaka 1874. Nilimsimulia binti yangu tukiwa njiani. Akauliza kama na mji wa Susi na Chuma uko huku huku Zambia. Nikasema sijauona.

Lusaka tuliingia usiku, na nilidhani nimepotea njia. Jiji kubwa kama lile, makao makuu ya nchi tangu mwaka 1935, lilikuwa giza mtaa baada ya mtaa. Mahali penye taa palikuwa na jenereta inayonguruma mlangoni. Ndugu msikilizaji, zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutokana na maji, na sehemu kubwa hutoka bwawa la Kariba, ambalo liko katika mto ule ule wa Zambezi, chini ya maporomoko. Msimu wa mvua wa 2023 na 2024 ulikuwa mbaya mno. Mwezi Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Tulipofika sisi, watu walikuwa wakipata umeme saa chache tu kwa siku, na wengine saa hizo huangukia usiku wa manane. Mwenyeji wetu alituonyesha fundi cherehani wa jirani anayelala jioni ili aamke umeme ukija. Kinyozi wa mtaa ule alikuwa amerudia mkasi. Tulikula ugali na kapenta kwa mshumaa. Hao kapenta, kwa taarifa yako, ni dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kariba miaka ya 1960. Mzee alisema wamenenepa uhamishoni.

Asubuhi tulitembea Cairo Road, iliyopewa jina hilo kwa ile ndoto ya Cecil Rhodes ya njia moja kutoka Cape hadi Cairo. Bendera zilikuwa zikitundikwa, maana nchi ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 60 ya uhuru Oktoba 24. Mzee alitafuta uwanja walipokuwa wakiegesha malori. Pana maduka ya simu sasa. Akanunua chaja moja, nadhani ili asitoke mikono mitupu.

Mwenzangu wa Lusaka hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Mkifika, pitieni pia upande wa pili."

Tulifika Livingstone siku ya pili mchana. Kiingilio tukalipa, nyani wakatunyang'anya mfuko wa mkate, tukateremka njia yenye miti. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi, tayari kukuletea ngurumo. Tukatokea kwenye kijidaraja cha waendao kwa miguu kinachotazamana na maporomoko. Mbele yetu kulikuwa na jiwe. Ukuta mweusi wa jiwe, mkavu, mrefu kuliko jengo lolote alilowahi kuliona yule mdogo, umenyooka hadi macho yanapoishia. Hapa na pale uzi mwembamba wa maji ukiteremka na kupotea kabla haujafika chini. Maporomoko yale yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, hayo niliyasema kwenye kipindi na ni kweli. Lakini sikusema kwamba Zambezi hujaa kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba na Novemba hupungua kiasi kwamba upande wa Zambia hubaki karibu mkavu. Mwaka wa ukame ndiyo usiseme. Kijarida changu kilikuwa na picha ya Aprili.

"Baba," akauliza mdogo, "maporomoko yako wapi?"

Nilishindwa kumtazama mzee. Nikawa najishughulisha na kinasa sauti, ambacho hadi leo kina dakika nne za ndege wakilia na swali hilo. Mzee aliegemea ukingo akatazama chini kwenye ufa kwa muda mrefu. Mwishowe akasema mwamba ule umepasuka kama injini iliyoishiwa maji. Ndivyo ulivyo hasa: ni lava ya kale iliyopoa ikapata nyufa, mto ukazila nyufa hizo moja baada ya nyingine. Hakuongeza neno. Usiku ule niliona aibu ambayo sijaipata hata siku niliyosoma taarifa ya habari ya jana.

Kesho yake tukaacha gari upande wa Zambia ili tuvuke kwenda Zimbabwe. Mzee akakataa teksi. Alitaka kupita kwa miguu juu ya daraja.

Daraja lile la chuma lilifunguliwa mwaka 1905. Vyuma vyake vilitengenezwa Uingereza vikaletwa kuunganishwa pale, juu ya korongo lenye kina cha mita zaidi ya 100. Reli inapita juu yake, na magari pia. Ndiyo njia iliyokuwa ikiingiza mali Zambia kabla ya Smith, na Januari 1973 Smith akaufunga mpaka kabisa. Agosti 1975, Kaunda na Vorster wa Afrika Kusini waliwakutanisha Smith na wapigania uhuru katika behewa la treni lililosimamishwa katikati ya daraja hilo hilo, wasielewane. Haya nilikuwa nikiwaeleza watoto, nikajikuta nazungumza peke yangu. Watoto walikuwa wakiwatazama vijana wa Kizungu wanaojirusha korongoni wakiwa wamefungwa kamba miguuni. Na mzee alikuwa amebaki nyuma, anakuja taratibu, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu hatua.

Daraja lina urefu wa mita 198. Alipofika mwisho alisimama, akageuka kulitazama lote.

"Hatua 340," akasema.

Nikanyamaza.

"Kumbe ni hapa tu? Palifungwa hapa tu, sisi tukazungushwa Mpika?"

Lori la shaba likapita, chuma kikatetemeka chini ya miguu yetu. Mzee akashika ukingo mpaka likaisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kijana wa watu," na akaanza kutembea tena mbele yetu.

Upande wa Zimbabwe maji yapo. Kuna poromoko moja pale mwanzoni ambalo halikauki, na lingine kubwa kando yake, na hata mwaka ule lilikuwa linanguruma kiasi kwamba tulisemezana kwa ishara. Watoto walilowa, mke wangu akaloanisha kitenge chake kwa makusudi. Mzee alivua kofia akasimama kwenye manyunyu, koti likawa zito. Nilipomwambia atapata baridi hakunisikia, au alijifanya.

Kwa hiyo nasahihisha niliyoyasema mwaka ule. Ukitaka kuona maji mengi, nenda Aprili au Mei, ingawa wakati huo mvuke ni mwingi hata ukuta wenyewe huonekani vizuri, na utalowa hadi mfukoni. Ukipata likizo Oktoba kama mimi, upande wa Zambia utaona mwamba, na maji utayakuta upande wa Zimbabwe. Hati ya kusafiria usiisahau hotelini.

Sauti ya maji uliyoisikia tulipofungua kipindi niliinasa huko upande wa pili. Kuelekea mwisho kuna mtu anakohoa karibu na kinasa sauti. Fundi mitambo alitaka kuikata. Ni baba.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo wakati kama huu. Kwaheri.