Mawazo mingi, mwili, na kikao cha siku ya ine

(Maneno ya munganga, mwanachama wetu, ku mukutano wa wanachama, Wamaza)



Nimeombwa kusema juu ya afya mbele ya kura ya siku ya posho. Munajua habari: komite inataka kufunga kikao cha siku ya ine, fasi wamama wanakaa pamoja na kusema yenye yaliwapata, kusudi feza ya sabuni na chai iende ku majembe na mbegu ya karanga. Na miye mwanzo nilikuwa upande wa majembe. Nilisema wazi: «Maneno hayajazi sufuria.» Leo nakuja kuondoa ile neno yangu.

Tuanze na mwili. Ile siku ulisikia masasi na ukafunga mutoto mugongoni, haukuuliza kama uko na nguvu. Ubongo ulituma habari, na tezi mbili ndogo zenye zinakaa juu ya figo zikamwanga adrenalini, kisha kotizoli. Moyo ukapiga mbio, sukari ikaingia mu damu juu ya miguu, tumbo likaacha kusaga chakula. Hiyo si ugonjwa. Hiyo ndiyo ilitufikisha ku Kasongo, na wengine mpaka ngambo ya ziwa, ku Nyarugusu.

Kotizoli yenyewe ni freni pia. Ikipanda ya kutosha, inarudi ku ubongo kusema: basi, acha. Siku zote inapanda asubui tuamuke, inashuka usiku tulale. Lakini hatari ikikaa miezi na miaka, freni inalika, kama ile ya pikipiki yenye kushuka mulima kila siku na mizigo. Mutu amerudi kwake, nyumba iko, muhogo uko, lakini mwili wake ungali mu pori. Halali. Tansio inapanda. Tumbo linauma. Kidonda kinachelewa kupona.

Wamama wa namna hiyo nimewapokea wengi. Niliwapa dawa ya minyoo, niliwapa ya malaria, wakarudi kisha wiki mbili, nikawapa tena. Siku moja mama mumoja akaniambia: «Munganga, hizi dawa zako nimekwisha kuzimeza zote. Sijalala vizuri tangu mupunga wa mwaka jana.» Nilinyamaza. Na miye sikuwa nalala. Pikipiki ikipiga kelele usiku, nilijikuta chini ya kitanda mbele ya kujua kama ni pikipiki.

Watu wanasema mutu mwenye nguvu hasikii kitu. Si kweli. Mwili wenye nguvu unashituka sawa na mingine. Tofauti ni kwamba unajua kushuka tena. Na wenye kusaidia kushuka ni usingizi, chakula, kujua kesho utafanya nini, na kuwa na mutu karibu. Mutoto mwenye kulia, mama yake akimushika, anatulia. Sisi wakubwa hatujamuacha ule mutoto mbali sana.

Kuko uchunguzi ulifanyika karibu yetu. Mu 2012 Connie Mulligan wa chuo kikuu cha Florida na wenzake walitangaza yenye waliona ku Goma, ku hospitali HEAL Africa. Mama mwenye vita ilimutesa sana akiwa na mimba, mutoto wake alizaliwa na kilo kidogo, na ku jeni ya kupokea kotizoli mulikuwa alama. Walikuwa wamama 25 tu na watoto wao wachanga, kwa hiyo musiende kusema watoto wetu wameharibika.

Yenye ilinigeuza ni ingine. Judith Bass wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walifanya kazi ku Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wakatangaza mu 2013. Wamama wote walikuwa wametendwa jeuri ya kingono, ao wameiona. Mu vijiji 7, wamama 157 walikaa mu vikundi, na wakafundishwa kuangalia wazo lenye linawashika, kama «ni kosa langu», na kuuliza kama ni kweli. Mu vijiji 8, wamama 248 walisaidiwa mumoja mumoja. Wenye kuongoza hawakuwa wadaktari. Walikuwa wamama Wakongomani wenye walifundishwa ile kazi. Miezi 6 kisha kumaliza, wenye walibaki na dalili za huzuni nzito ao woga mukali walikuwa 9 kwa mia ku vikundi, na 42 kwa mia ku wale wengine. Walipima kwa maswali, si kwa damu. Lakini 9 na 42, ndugu zangu!

Kikao chetu hakijafikia pale. Tunaanza saa yoyote, tunaacha juu ya mvua, na kuko wenye wanatoa siri inje. Hapo komite iko na haki. Kwa hiyo naomba hivi: tusifunge, tutengeneze. Watu wale wale, wasipite 8, mara 12, na mwenye kutoa siri atoke. Chai tunaweza kuleta wenyewe, na feza yake iende ku majembe. Kwa wafazili naomba kitu kimoja tu: wamama wetu wawili wafundishwe ile kazi sawa wale wa Kivu.

Na mwenye usiku anawaza kujiua, asingojee kura. Aje kwangu, ata saa sita ya usiku. Imbwa yangu inapiga kelele lakini haiumi.