Asiyejua Kiingereza Ndiye Asikilize

Leo nina dai moja, na najua litawaudhi wazazi wanaolipa tuisheni kila mwisho wa mwezi. Nasema hivi: katika nyumba nyingi za Nyamasaria, mtu anayefaa zaidi kumsaidia mtoto kujizoeza kusoma Kiingereza ni yule asiyekijua Kiingereza chenyewe. Nyanya. Mama anayeuza omena. Babu aliyeacha shule darasa la pili. Usizime redio. Nisikilize kwanza.

Kwa mlioko mbali, Nyamasaria ni pale mashariki mwa Kisumu, unapoingia mjini ukitoka Ahero. Kuna stendi, kuna soko, kuna nyumba za kupanga zinazoongezeka kila mwaka, na kuna mashamba ya wenyeji yanayopungua kwa kasi hiyo hiyo. Kuna pia mto, ambao masika yakizidi hubisha hodi hadi vyumbani. Mtoto wa pale huamkia Kidholuo. Hununua mandazi kwa Kiswahili. Akiwa na wenzake huchanganya vyote viwili na kumwagia sheng' juu. Kisha anafika darasani na kufunguliwa kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo hakuna anayemgombeza kwayo nyumbani wala anayembembeleza kwayo akiugua.

Serikali zetu zimelizungukazunguka jambo hili tangu uhuru. Tume ya Ominde, mwaka 1964, ilitaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ikageuza: miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, Kiingereza kiwe somo tu, halafu kuanzia darasa la nne kitawale. Mtaala wa umilisi ulioingia madarasa ya chini mwaka 2019 umeiacha kanuni hiyo palepale. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini hebu uliza Nyamasaria lugha ya mazingira ni ipi. Upande wa mashambani utaambiwa Kidholuo bila kufikiri mara mbili. Upande wa nyumba za kupanga, ambako jirani mmoja ametoka Kisii na mwingine Kakamega, utaambiwa Kiswahili. Na mzazi aliyebana matumizi ili mwanawe aende shule ya kulipia atakutazama kama mtu aliyemtukana, maana yeye analipia Kiingereza, na anataka kukisikia mtoto akifika tu mlangoni.

Tusilaumu kila kitu, ingawa. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulipoanza nchi nzima, ulifanya jambo ambalo wengi wetu tuliosoma zamani hatukuliota: kitabu kimoja cha Kiingereza na kimoja cha Kiswahili kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kitabu chake mwenyewe, asichogombania na wengine watatu. Mwalimu naye akafundishwa kuanza na sauti za herufi, kusoma yeye kwanza, kisha kusoma pamoja na darasa, kisha kumwachia mtoto asome peke yake. Maafisa wa mtaala wakatembelea shule wakiwa na tableti, wakamweka mtoto mbele yao na kuhesabu maneno anayoyasoma sawasawa kwa dakika moja. Kiwango cha msomaji mwepesi kiliwekwa kuwa maneno 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo isikushangaze: neno letu moja hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno matatu au manne.

Basi watoto wakaanza kukimbia. Simama nje ya darasa lolote wakati wa somo la kusoma, utasikia sauti arobaini zikienda kwa mdundo mmoja kama treni. Inafurahisha, na ina faida yake: mtoto anayekwama kwenye kila herufi husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Wepesi unahitajika. Ila mwite mmoja wao pembeni, umwambie afunge kitabu, umuulize: hadithi hii inamhusu nani? Wengi watakutazama tu. Watafiti waliowapima watoto wa Bungoma na Machakos wakati wa mradi wa PRIMR, uliotangulia Tusome, walikuta hali hiyo: watoto walitamka Kiingereza kwa wepesi kuliko lugha ya mama, lakini maana waliipata zaidi katika lugha ya mama. Wapimaji wa Uwezo nao, ambao kuanzia mwaka 2009 walipita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, walirudi na habari ya kusikitisha kwamba walikuwapo wengi wa madarasa ya juu ambao hadithi hiyo iliwashinda.

Tatizo la Kiingereza lina sura mbili, nasi huzichanganya. Ya kwanza ni maandishi yake. Mtoto aliyezoea kwamba herufi ina sauti yake na haibadiliki, kama ilivyo katika Kiswahili na kwa kiasi kikubwa Kidholuo, akiliona neno "come" atasoma kome, yule wa baharini. Ana haki. Aliyekosea ni Mwingereza, lakini Mwingereza hafanyi mtihani wa gredi ya sita. Hapo hakuna ujanja: lazima awepo anayejua, awe mwalimu au dada mkubwa, amwambie mara nyingi hadi jicho lizoee.

Sura ya pili ni maana, na hapo ndipo nyanya anapoingia.

Lakini kabla ya nyanya, nipe dakika moja niisifie redio, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Kati ya mwaka 1980 na 1985, nchi hii ilifanya jaribio ambalo walimu wa nchi nyingine walikuja kulisoma. Taasisi ya Elimu ya Kenya, pamoja na shirika moja la Marekani, iliandaa masomo ya Kiingereza ya redio kwa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za mashambani. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kila siku ya shule. Kilichokifanya kuwa cha ajabu ni ukimya. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza. Watoto wakajibu kwa sauti, wote, mwalimu akisimamia. Kisha redio ikaendelea kana kwamba imewasikia. Redio haikuwa na masikio, lakini watoto walijibu kama inawasikia. Walipopimwa, waliofundishwa hivyo waliwashinda wenzao katika kusikiliza na katika kusoma. Fundisho ninalolichukua mimi ni dogo. Mtoto husoma na kusema vizuri zaidi akiamini kuna mtu upande wa pili anayesubiri jibu lake.

Sasa mlete nyanya. Jioni, chakula kikiwa jikoni, mtoto anamsomea ukurasa mmoja wa Kiingereza. Ukurasa mmoja tu. Kisha anamweleza kwa Kidholuo kilichomo. Nyanya hana namna ya kuangalia kama matamshi ni sahihi, na hilo ni heri, kwa kuwa hatamkatiza. Yeye anataka habari. Atauliza ni nani huyo, alifanya nini, halafu ikawaje? Mtoto akisema fisi alikwenda mtoni, nyanya atauliza fisi alifuata nini mtoni mchana kweupe. Mtoto hajui. Anarudi kwenye ukurasa. Anasoma tena mistari ile, safari hii polepole, akitafuta. Msikilizaji, huko kurudi ndiko kusoma. Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kumpa kila mmoja nafasi hiyo, na tuisheni ya kukariri majibu haimpi kabisa.

Mzazi anayejua Kiingereza, tena, mara nyingi hulivuruga zoezi hili. Mtoto akikwama kidogo, yeye amekwisha kulitamka neno. Mtoto akisema "fis", mzazi anacheka au anafoka: sema "fish"! Najua wachekeshaji wa nchi hii wamejenga majumba kwa kutuigiza watu wa ziwani tunavyoshrabu, nami hucheka kama wengine. Lakini mtoto wa Nyamasaria aliyesoma "fis" na kichwani akaona ngege kwenye beseni la Dunga amesoma. Sauti ya "sh" itakuja. Aliyesema "fish" safi kama mtangazaji wa London na hajui ni mnyama au mti, huyo bado.

Kicheko hicho kina historia mbaya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi yake walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Wengi wanaonisikiliza waliivaa hiyo alama miaka mingi baada ya wakoloni kuondoka. Wengine waliwavisha wenzao. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza haraka kwamba usalama uko katika kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hawezi kujizoeza kusoma kwa sauti.

Ninachokisema hakikuzuliwa studioni. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo wasichana walilala wakisikiliza sigana, yaani ngano, na kujibu mafumbo. Grace Ogot, mwandishi aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alipata ngano kutoka kwa nyanya yake, na hadithi za Agano la Kale kutoka kwa baba yake aliyekuwa mwalimu. Kutoka hapo akaandika kwa Kiingereza na kwa Kidholuo vilevile. Miaha yake ya mwaka 1983 ni ya Kidholuo tupu. Na hapa hapa Kisumu, Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni ya Lake Publishers, akatoa vitabu vya watoto kwa lugha zote mbili, hakuona sababu ya moja kuisukuma nyingine. Mimi naomba siwindhe igeuzwe kidogo tu: safari hii mjukuu ndiye atoe hadithi.

Utaniambia watu wa siku hizi hawana nyanya. Yuko shagsi, nyumba ya Nyamasaria ni chumba kimoja, na mama anarudi kutoka sokoni saa mbili usiku hoi. Sawa. Mtoto amsomee mama akipara samaki. Amsomee mdogo wake wa miaka minne, ambaye pia huuliza "halafu?" bila kuchoka. Dakika kumi zinatosha, na ukurasa wa jana urudiwe leo bila aibu, kwa sababu mara ya pili ulimi haukwami na akili hupata nafasi ya kuwaza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kitabu chenyewe. Nje ya vitabu vya kiada, nyumba nyingi hazina hata hadithi moja ya kusoma. Wenye simu na bando wana bahati: vitabu vya African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014, ni vya bure kwenye intaneti, vingine vikiwa na hadithi ileile kwa Kiingereza, Kiswahili na Kidholuo. Kurasa kumi kutoka saiba si bei ya kumwangusha mtu. Ila vile ambavyo tayari vimelipiwa na umma, vile vya shule, baadhi ya walimu wakuu huvifungia kabatini kila alasiri. Wanaogopa vitapotea, vitararuka, au maji yataingia nyumbani yavichukue. Kwa Nyamasaria hofu hiyo ina msingi, na mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa na wakaguzi. Basi wazazi wakubali kwa maandishi kuvilipia vikipotea, na kila mtoto apewe mfuko wa nailoni wa kubebea. Mkutano wa wazazi wa muhula huu ukiitishwa, litajeni hilo mapema, kabla hamjafika kwenye pesa za chakula, maana mkishafika huko hamtarudi.