Je, Zamani Watu Walikaa Salama Kuliko Sasa?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga)



Tumepewa kazi ya kusema habari za ujeuri wa vijana, na kwa kuwa wakati ni mchache twaingia katika maneno yenyewe. Kila tukaapo barazani, au ofisini saa ya chai, au ndani ya gari litokalo Muheza, neno ni moja: vijana wameharibika, watembea na mapanga, hawamchi Mungu wala hawamstahi mzee, zamani mtu alilala mlango wazi. Neno hili limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama sheria isiyohitaji shahidi. Leo twataka kuliitia mashahidi. Kazi yetu sisi makarani ni kutazama daftari kabla ya kutia sahihi, wala si vema kutia sahihi jambo kubwa kama hili kwa kusikia tu.

Kwanza, tusikanushe yaliyopo. Mwanzoni mwa Januari 2015 mji wa Dar es Salaam ulishikwa na hofu kuu kwa sababu ya kundi la vijana walioitwa Panya Road; watu walifunga maduka wakakimbilia majumbani, na polisi wakakamata vijana kwa mamia. Mwaka 2022 vijana wa namna hiyo walianza tena kuingia nyumba za watu usiku, mapanga mikononi, na katika mwezi wa Septemba mwanafunzi mmoja wa chuo aliuawa huko Kawe. Jirani zetu wa Mombasa nao wameonja taabu hiyo: makundi ya Wakali Kwanza na Wakali Wao yalitiwa katika orodha ya makundi 90 yaliyopigwa marufuku na Serikali ya Kenya Desemba 2016. Na sisi watu wa Tanga hatujasahau mwisho wa Mei 2016, watu wanane walipochinjwa usiku mmoja Kibatini. Hatusemi kwamba waliofanya hayo ya Kibatini walikuwa vijana wa mitaani. Twasema tu kwamba hofu tuliyo nayo haikuzuka bure, na mtu mwenye kuogopa asichekwe.

Lakini sasa twauliza: hiyo zamani ya mlango wazi ilikuwa mwaka gani, na mahali gani?

Kama ni zamani za babu wa babu zetu, shahidi wa kwanza ni majengo. Februari 1857 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipanda kutoka Pangani kwenda Usambara. Walikuta Chogwe na Tongwe pamewekwa askari wa Kibulushi wa Sultani wa Unguja, walinzi wa nchi. Huweki askari juu ya mlima mahali ambapo watu hulala milango wazi. Shahidi wa pili ni misitu. Ndugu zetu Wadigo na Wamijikenda wengine walikaa kaya zao ndani ya msitu mnene, zimezungushiwa boma, na njia za kuingilia ni nyembamba zenye malango. Leo misitu hiyo yahesabiwa kuwa urithi wa dunia, tangu mwaka 2008, na watu huenda kuitazama kwa uzuri wake. Walioijenga hawakutafuta uzuri. Walitafuta mahali pa kujificha.

Shahidi wa tatu ni habari za Usambara. Wako wasemao kwamba Kimweri ye Nyumbai alipokaa Vuga nchi ilitulia kwa amri yake, nasi hatuwapingi. Lakini Kimweri alifariki mwaka 1862, na jamaa zake wakaanza kugombea enzi. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde penye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti. Na bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Wabondei wakaasi Wakilindi, nao ukawa msukosuko wanaoukumbuka kwa jina la Kiva. Nani waliokuwa wakivizia njiani, wakichoma vijiji usiku, wakiwafunga kamba wanawake waliokwenda mtoni? Walikuwa vijana, ndugu zetu, vijana wenye nguvu na wasio na mali, kama hawa wa leo. Tofauti yao ni moja: hawakuitwa wahuni, kwani walifanya hayo kwa amri ya mkubwa, na mkubwa akapata faida.

Shahidi wa nne ni pwani yenyewe. Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Biashara haikufa, iliacha bahari ikashika nchi kavu, misafara ikaja kwa miguu kutoka Kilwa mpaka Pangani, na kutoka hapa majahazi yakavusha watu usiku kwenda Pemba. Mwaka 1876 Sultani akaikataza na njia ya nchi kavu, nayo ikaendelea kwa siri. Baadaye, mwaka 1888, Pangani ikawaka kwa vita vya Bushiri na Wadachi, na Bushiri alinyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika nchi ya Tanganyika mpaka mwaka 1922. Basi mtoto wa mwaka 1880 aliyetumwa kuchota maji hakuwa salama kuliko mtoto wa leo anayetumwa dukani. Huyu wa leo aweza kunyang'anywa simu. Yule wa zamani aliweza kunyang'anywa yeye mwenyewe, jina lake na ukoo wake.

Yafaa tutambue kwa nini habari hizi hazisikiki barazani. Masimulizi ya zamani tumeyapokea kwa watu waliobaki. Wale waliouzwa hawakurudi kutusimulia, na watoto wao wasemao lugha nyingine mbali hawajui hata kijiji walikotoka. Kila ukumbusho wa amani ni ukumbusho wa mtu aliyepona. Tena Wazungu nao wameyaona hayo kwao: wataalamu waliosoma madaftari ya mahakama za Uingereza wameona kwamba katika karne ya 14 watu waliuana mara nyingi zaidi kuliko sasa. Basi si sisi peke yetu tunaoisifu zamani tusiyoikaa.

Hapa mtu ataondoka na kusema, "Karani huyu ametuambia kwamba zamani hapakuwa na kitu chema." Sivyo. Kilikuwapo kitu kimoja chema, nacho ndicho tulichokipoteza, na kwa ajili yake tumesimama mbele yenu.

Zamani kila kijana alikuwa na mtu wa kuulizwa. Akipiga mtu, hakuulizwa yeye kwanza. Aliulizwa baba yake, au kwa Wadigo mjomba wake, na ukoo mzima ulitoa mbuzi au ng'ombe kulipa kosa la mmoja. Kwa hiyo kila mzee alimtazama kila kijana kwa jicho la mtu atakayelipa. Katika jando kijana alifundishwa pamoja na rika lake, akajua nani mkubwa wake na nani mdogo wake, akatoka ana jina na kazi. Lakini tusiseme nusu ya habari. Mjomba yule yule aliyemlipia mpwawe aliweza pia kumweka rehani kwa deni, na rehani isiyokombolewa ikawa utumwa. Aliyekuwa na ukoo mkubwa alikaa salama. Mgeni, yatima na mjane hawakuwa na mlango wa kubisha. Usalama wa zamani ulikuwa mali ya mwenye jamaa.

Siku zetu zimegeuza mambo. Sheria yamlinda hata yatima na mgeni, na hilo ni jema kubwa ambalo babu zetu hawakulipata. Lakini mtu wa kuulizwa ametoweka. Kijana akikosa, baba asema, "Mpelekeni polisi, mimi simo." Jirani asema, "Si mwanangu." Mwalimu asema, "Alikwisha acha shule." Na kazi iliyowakusanya vijana imepungua. Katika miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Tanga ndiyo iliyokuwa mama wa mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata tani 30,000. Mashamba yalipolala, vijana hawakulala pamoja nayo. Kijana asiye na mnyapara, wala nyakanga, wala mjomba, atamtafuta mkubwa wake mahali pengine, na kundi la mapanga litamwita kwa jina na kumpa kazi. Mkono mmoja haulei mwana. Lakini mwana asiyelelewa na mikono yetu, mikono mingine imekwisha mshika.

Liko na neno gumu zaidi, nalo ni letu watu wazima. Ilisemwa kwamba hofu ile ya Januari 2015 ilianza vijana walipotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na watu wenye hasira. Twajua nini hutokea mtaani anapopigiwa kelele mwizi: mawe, mpira wa gari, mafuta ya taa. Wanaokimbilia pale si vijana wahuni peke yao. Wamo wenye ndevu, wenye kazi, wenye kwenda kuswali na kusali. Hapo kijana ajifunza kwetu kwamba damu ya mtu yamwagika bila kuuliza. Twamlaumu kwa panga, na sisi tumemfundisha jiwe. Sheria haikulala: Kanuni ya Adhabu yampa mnyang'anyi mwenye silaha kifungo kisichopungua miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwekea aliye chini ya miaka 18 mahakama yake mwenyewe. Mwenye kuua mwizi barabarani amejifanya hakimu bila kusikia shauri.

Basi, ndugu wanachama, twaleta mashauri matatu, ambayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mkubwa yeyote.

La kwanza: kila mmoja wetu awajue kwa majina vijana wasiopungua watano wa mtaa wake ambao si watoto wake, ajue wanakolala na wanachokula, nao wamjue yeye kuwa ni mtu atakayeulizwa habari zao.

La pili: ikipigwa kelele ya mwizi, mwanachama akimbilie kumwokoa aliyekamatwa na kumfikisha kituoni, kisha asiogope kwenda mahakamani kutoa ushahidi. Kesi nyingi huanguka kwa kukosa shahidi, na shahidi anayekosekana mara nyingi ni mtu kama sisi, ajuaye kusoma na kuandika.

La tatu: mwenye ujuzi wa kazi yoyote, iwe useremala, ushoni, hesabu au kupiga chapa, amchukue kijana mmoja amfundishe, hata ikiwa ni Jumamosi peke yake. Kijana mmoja ni kidogo, lakini chama chetu kina watu wengi.

Bwana Mwenyekiti, tuliulizwa kama zamani watu walikaa salama kuliko sasa. Mashahidi wamejibu kwamba hawakukaa salama, ila mwenye ukoo. Zamani hiyo hatuitaki irudi na kamba zake na rehani zake. Twataka tuitwae ile desturi yake moja ya kuulizana habari za watoto, tuitandaze hata kwa mtoto asiye na ukoo, jambo ambalo babu zetu hawakuliweza. Mwenye kusema vijana wameharibika na aseme pia ni kijana yupi, mwana wa nani, akaa nyumba ya ngapi. Akishindwa kusema hayo, bado hajaanza kazi.

Tumekoma hapa.