Anayesahihisha Kazi Naye Afundishwe



Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, vijana wetu wa Ufipa hupanda mabasi hapa Sumbawanga kwenda vyuo vikuu. Wengine huishia Mbeya, wengine huenda Iringa, Dodoma na Morogoro, na wengine hufika mpaka Dar es Salaam. Siku hizi wapo hata wasiohitaji kwenda mbali, kwani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi humu humu mkoani Rukwa. Wazazi huuza mahindi, huuza ulezi, na wengine hupunguza ng'ombe zizini, ili kijana awe na cha kuanzia kabla mkopo wa Serikali haujaingia.

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtu mmoja ambaye kijana huyo atakutana naye huko, na ambaye sisi wazazi hatumfikirii kabisa. Si profesa, wala si mkuu wa chuo. Ni mkufunzi msaidizi.

Mkufunzi msaidizi ni nani? Ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi tu, akabakizwa au akaajiriwa chuoni kwa sababu alifaulu vizuri. Kipimo kinachojulikana katika vyuo vyetu ni wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri akishatoa mhadhara wake mbele ya wanafunzi 200 au 300, wanafunzi hao hugawanywa katika makundi ya semina, na anayeziongoza semina hizo ni mkufunzi msaidizi. Insha na ripoti za maabara husomwa na yeye. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula huchukua alama 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho alama 60. Kwa hiyo sehemu kubwa ya alama hizo 40 hupitia mikononi mwa kijana huyo.

Sasa hebu tujiulize. Kijana huyo alichaguliwa kwa sababu alifaulu mitihani yake. Je, kuna aliyemfundisha jinsi ya kumfundisha mwenzake kuandika?

Nijuavyo mimi, vyuo vyetu havikulala kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma kozi ya stadi za mawasiliano, na walimu wake ni wataalamu wa lugha. Wanafanya kazi nzuri. Wanamfundisha mwanafunzi kuandika dondoo, kupanga aya, kutaja kitabu alikotoa maneno yake, na kutoiba kazi ya mtu. Baadhi ya vyuo pia huwapa walimu wapya mafunzo mafupi ya ufundishaji. Lakini mtaalamu wa lugha hawezi kumfundisha mwanafunzi jinsi ripoti ya udongo inavyoandikwa, wala jinsi mwanasheria anavyojenga hoja yake. Huo si uzembe wake. Ni kwamba hiyo si fani yake.

Wapo watakaosema kuandika ni kuandika tu, na kwamba ajuaye kuandika barua anaweza kuandika chochote. La hasha! Tuchukue mifano ya hapa hapa kwetu.

Wazee wetu wa Ufipa walilima, na wengine hadi leo wanalima, kwa ntumba. Mvua zinapoelekea kwisha, nyasi hufukiwa ndani ya matuta ya duara zikaoza humo, na msimu unaofuata matuta hayo hutawanywa na shamba likapandwa ulezi au mahindi. Mwanafunzi wa kilimo akitumwa kuandika juu ya ntumba, haitoshi aseme kwamba Wafipa wana kilimo cha asili chenye manufaa. Anatakiwa apime. Matuta mangapi katika eka moja? Nyasi zilichukua wiki ngapi kuoza? Mavuno yalikuwa kilo ngapi, na shamba la jirani lisilo na matuta lilitoa kilo ngapi? Katika fani yake sentensi isiyo na kipimo haina uzito.

Mfano wa pili ni chuma. Zamani Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1995 kuhusu ufundi huo wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Alipita Nkasi akitazama mabaki ya matanuri, vipande vya mirija ya udongo na mavi ya chuma, na kwa kuvieleza kimoja kimoja aliweza kutenganisha ufundi wa malungu na ufundi mwingine uitwao katukutu. Mpita njia angeona rundo la mawe meusi. Mwandishi wa akiolojia hutakiwa kueleza kwanza alichokiona, kwa umbo, kwa kipimo na kwa mahali kilipolala, ndipo aseme anachofikiri. Akichanganya viwili hivyo, msomaji hawezi kumsahihisha wala kumwamini.

Mfano wa tatu ni ugomvi wa ardhi. Kule Bonde la Rukwa wakulima na wafugaji hukutana shambani, na wakati mwingine hukutana kwa ubaya. Mwanafunzi wa sheria akipewa kisa cha namna hiyo, hatakiwi kuhubiri kuhusu amani. Atenganishe mambo ambayo pande zote zinakubali na yale wanayobishania. Aeleze swali la kisheria ni lipi. Kisha aifungue Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, aonyeshe kifungu kinasema nini na kinaligusaje jambo hilo.

Umeona, ndugu msikilizaji? Vijana watatu, nyanda moja, na uandishi wa namna tatu. Kila fani ina ushahidi wake inaoukubali, na kuandika ndiyo njia ya kuupanga ushahidi huo. Ndiyo maana nasema kwamba uandishi si pambo linalowekwa juu ya elimu baada ya elimu kwisha. Ni sehemu ya elimu yenyewe. Na anayeweza kuufundisha ni mtu aliyemo ndani ya fani, aliye karibu na mwanafunzi, naye ni mkufunzi msaidizi.

Lakini kujua jambo na kulifundisha ni mambo mawili. Mtu anaweza kuendesha baiskeli miaka 20 asiweze kumweleza mtoto anafanyaje asianguke. Kijana aliyepata wastani wa 4.2 huandika vizuri kwa mazoea, na ukimwuliza amefanyaje, atakwambia nilisoma tu.

Kijana mmoja wa Nkasi alinionyesha insha yake iliyosahihishwa. Alama ilikuwa 9 kati ya 20. Pembeni mlikuwa na kalamu nyekundu na maneno matatu tu: haieleweki, dhaifu, fafanua. Nikamwuliza safari nyingine atafanya nini ili apate zaidi. Alinijibu bila kusita kwamba atatafuta madesa ya waliomtangulia, aone wenzake waliandikaje, naye aandike hivyo hivyo. Katika mwaka mzima wa masomo, hilo ndilo somo la uandishi alilolipata.

Mimi simlaumu aliyesahihisha. Pengine alikuwa na makaratasi 120 ya kumaliza kati ya Ijumaa na Jumatatu, naye mwenyewe anasoma shahada ya uzamili. Yeye pia alipokuwa mwanafunzi alisahihishwa kwa maneno hayo hayo matatu. Anarudisha alichopewa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Mwalimu aliweza kukaa na kila mmoja, wakasoma insha pamoja mstari kwa mstari. Leo wanafunzi ni maelfu, na hilo ni jambo la kujivunia, maana mtoto wa mkulima wa Mwazye au Mtowisa naye anaingia. Lakini kazi ile ya kukaa na mwanafunzi imeshuka kwa mkufunzi msaidizi, na haikushuka pamoja na mafunzo yake.

Wengine husema tatizo ni Kiingereza. Kijana husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari hubadilishiwa lugha, na chuoni huandika kwa Kiingereza. Ni kweli, mzigo huo upo na ni mzito. Lakini mara nyingi aliyeshindwa kupanga hoja kwa Kiingereza, ukimwambia aipange kwa Kiswahili hushindwa vilevile, kwa sababu hajaonyeshwa hoja ya fani yake hujengwaje. Mkufunzi aliyefundwa angejua kuwaruhusu vijana wajadili kwanza kwa Kiswahili, mpaka wajue wanataka kusema nini, ndipo waandike kwa lugha ya mtihani.

Tena sasa limezuka jambo jipya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazoweza kumwandikia mwanafunzi insha nzima kwa dakika moja. Mkufunzi anayeangalia karatasi ya mwisho peke yake atadanganywa kila siku. Anayemfuata mwanafunzi hatua kwa hatua, tangu swali, ushahidi, rasimu ya kwanza hadi ya pili, si rahisi kudanganywa.

Je, wenzetu wanafanyaje? Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell kina mpango wa siku nyingi wa semina za uandishi kwa mwaka wa kwanza. Semina hizo hazifundishwi na idara moja ya lugha. Zimo katika fani mbalimbali, na nyingi huongozwa na wanafunzi wa shahada za juu. Lakini vijana hao hupitia kozi ya kufundisha uandishi. Wao ni matajiri, ndiyo, ila jambo lenyewe halitaki utajiri.

Naomba nipendekeze mambo machache ambayo idara yoyote inaweza kuyafanya. Kwanza, kabla ya muhula kuanza, mhadhiri na wakufunzi wake wakae siku mbili na insha tano za mwaka uliopita. Kila mmoja azisahihishe peke yake, kisha walinganishe. Watashangaa kuona insha moja imepewa 8 na huyu na 15 na yule. Katika kubishana hapo ndipo watakapojua wanatafuta nini, na wataweza kuwaambia wanafunzi mapema.

Pili, kazi kubwa igawanywe. Wiki hii mwanafunzi alete swali lake katika sentensi moja, wiki ijayo alete ushahidi, halafu rasimu. Tatu, mkufunzi afundishwe kuandika maoni machache yanayofanyiwa kazi. "Umesema mavuno yaliongezeka, yaliongezeka kutoka ngapi hadi ngapi?" Sentensi hiyo moja inamsaidia kijana kuliko "dhaifu" kumi. Makosa ya wengi yaelezwe mara moja kwa wote katika semina, ili kalamu ipumzike.

Nne, saa hizo zihesabiwe kuwa ni kazi. Usimpe kijana semina sita, masomo yake ya uzamili, na mafunzo juu yake, kisha umpandishe cheo kwa machapisho peke yake. Atafanya kile kinachohesabiwa.

Mwaka 2021 Serikali ilianza mradi mkubwa wa elimu ya juu, unaojulikana kama HEET, kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Ni mradi wa majengo, maabara, mitaala na mafunzo ya wahadhiri. Tunashukuru. Ninachokiomba hapa ni siku mbili, insha tano na chai.

Kwa nini mimi niliyeko huku Sumbawanga nijisumbue na mambo ya semina za chuo kikuu? Kwa sababu vijana hao hurudi. Hurudi wakiwa mabwana shamba, waganga, wahandisi na wanasheria, na kazi yao kubwa ya kwanza ni kuandika. Mkubwa aliyeko Dodoma hawezi kukanyaga kila kijiji cha Kalambo na Nkasi. Hukijua kijiji kwa karatasi iliyoletwa mbele yake. Karatasi ikisema "hali ya barabara si nzuri", itawekwa chini ya nyingine. Ikisema daraja lilibebwa na maji tarehe fulani, kwamba wajawazito wa vijiji vitatu sasa huzunguka kilometa kadhaa kufika zahanati, na kwamba nguzo mbili bado ni nzima, kuna mtu atakayeisoma mara ya pili. Tofauti ya karatasi hizo mbili huanzia katika semina ya mwaka wa kwanza.

Mzazi mwenzangu, kijana akirudi likizo, usimwulize alama peke yake. Mwambie akuonyeshe kazi moja iliyosahihishwa, hata kama Kiingereza chake hukielewi. Mwulize aliyeisahihisha alimwambia afanye nini ili ya pili iwe bora. Akikosa jibu, ujue kijana hana hatia, na huenda mkufunzi wake pia hana. Swali hilo ni la kuwapelekea wakuu wa vyuo vyetu.